Zamu ya Kuchomwa

Siguatepeque, mji wa Honduras, mtu hachagui chama cha siasa, hurithi, kama anavyorithi pua. Ermelinda alizaliwa mwekundu, akaolewa na Anael, bluu wa kutupwa, na majirani wakaipa ndoa hiyo mwaka mmoja. Ikadumu hadi kifo kwa sababu ya mapatano: kila mkesha wa mwaka mpya, mwanasesere wa maranda na fataki anayechomwa barabarani alipewa sura ya kiongozi wa chama kimoja, na mwaka unaofuata cha pili. Ermelinda ndiye aliyewashona wote. Wa chama chake alimshona kwa uangalifu zaidi, asije akaungua akiwa kituko.

Mwaka aliokufa Anael, nchi ilipiga kura ikapata marais wawili. Kila mmoja alitangaza ushindi, na tume ikatangaza subira. Nyumbani nako wanawe wawili wakagombea zamu.

"Mama, mwambie huyo mwaka jana tulichoma wa kwetu," alisema Nahúm, mkubwa, aliyemrithi baba. "Sasa ni zamu yao."

Elmer, mwekundu wa mama, alikuwa amesimama papo hapo. "Mama, mwambie huyo mwaka jana mvua ilinyesha. Hakuungua hata nusu. Haihesabiki!"

"Inahesabika!"

"Kama kura zenu za wafu, siyo?"

Tangu siku hiyo kila mmoja alikula chakula chumbani kwake, akaapa hataufunga mwaka kwenye meza moja na mwizi wa kura. Ermelinda alikuwa amemzika mume juzijuzi tu. Meza tupu ilimtisha kuliko marais wote wawili.

Mchana wa siku ya mwisho aliwaita jikoni waje kumwona mwanasesere. Walikuja mbio, kila mmoja akijua ameshinda. Akafunua shuka. Kitini alikaa mwanamke wa maranda, mwenye nywele za pamba, aproni na gauni jeusi la msiba.

"Mbona ni wewe, Mama?" aliuliza Nahúm.

"Tume imetangaza," alisema Ermelinda. "Kiberiti hicho hapo. Mmoja akishindwa kuwasha, mwenzake amsaidie. Angalau mtafanya jambo moja pamoja."

Hakuna aliyekigusa. Nahúm akavuta kiti, taratibu. Elmer akavuta kingine. Mama akawapakulia nakatamali, unga wa mahindi na nyama uliopikwa ndani ya majani ya mgomba.

"Mama, mwambie huyo..." Elmer alianza, kisha akamgeukia kaka yake. "Nahúm. Nipe chumvi."

Nahúm akampa.

Kiti cha tatu kilikuwa na mwanasesere, na Ermelinda hakuthubutu kumwondoa, wanawe wasije wakainuka. Alikula amesimama.