Nilivyompigia Kinanda Bi. Aino Kule Doha

Kwaya yangu ilikuwa imeshindwa tena. Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya sekondari karibu na Bungoma, na kila mwaka majaji wa tamasha walituambia neno lilelile: wanafunzi wako wanapiga kelele, hawaimbi. Nilikuwa bado nimenuna wakati dada yangu Nekesa, aliyekuwa muuguzi Doha, aliponipigia simu.

"Kaka Wafula, huku kuna mama wa Kifini aliyeimba opera Ulaya miaka mingi. Anatufundisha kwaya yetu ya kanisa. Njoo likizo ya Aprili. Labda utajifunza kufundisha watu bila kuwafokea."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2010. Nikafunga safari kwenda nchi ya mchanga kutafuta maarifa ya mtu wa theluji.

Ndani ya ndege nilizungukwa na vijana waliokuwa wakienda kuwa walinzi, madereva na wahudumu wa hoteli. Jirani yangu wa kiti aliniuliza naenda kufanya kazi gani. Nikamjibu kuwa mimi ni mwalimu, naenda kumsikiliza mtu akiimba. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hata mimi ajenti aliniambia kazi ni nyepesi."

Doha tulifika asubuhi. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, joto lilinipiga usoni kana kwamba mtu amefunua sufuria ya ugali. Nekesa alinipeleka mtaa wa Abu Hamour, na kwa kuwa nyumba ya wauguzi haikuruhusu wanaume, nikalazwa kwa dereva mmoja Mkenya aliyeishi jirani.

Ijumaa nilienda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimtazamia mama mnene mwenye mapambo. Bi. Aino, yule mama wa Kifini, alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye nywele za kijivu na viatu vya raba. Aliwalaza wanakwaya wote chali juu ya zulia, Wakenya kwa Waganda, akawaambia wapumue. Walipumua mpaka mmoja akakoroma. Hakuna aliyeimba hata noti moja. Nilikaa pembeni nikijiuliza nitawaeleza nini walimu wenzangu: nimevuka bahari kutazama watu wamelala.

"Yeye mwenyewe haimbi?" nilimnong'oneza Nekesa.

"Hatujawahi kumsikia."

Siku iliyofuata alitualika nyumbani kwake, Al Wukair. Mumewe, mhandisi, alikuwa kazini. Alitumiminia kahawa, akamaliza kikombe chake, akajimiminia kingine kabla sisi hatujapuliza vya kwetu. Tuliongea Kiingereza, naye alikisema polepole, kila neno akiliweka chini kama yai.

Baba yake alikuwa mkata magogo katika kijiji cha msituni. Mwalimu wa shule ndiye aliyewasihi wazazi wampeleke binti yao Helsinki kusomea uimbaji. Baba alikubali kwa sababu alidhani ni kozi ya majira ya baridi tu. Kutoka Helsinki binti alikwenda Ujerumani, akaajiriwa katika jumba la opera, akazeekea humo.

"Sauti yangu ni nzito," alisema. "Kwenye opera, wanawake wa sauti nyembamba hupendwa, huolewa, kisha hufa vizuri huku watu wakilia. Sisi wa sauti nzito huwa wachawi, yaya na mama wakwe. Miaka ishirini sikupendwa na mtu jukwaani."

Nekesa alicheka. Bi. Aino hakucheka.

"Halafu wakanipa nafasi kubwa. Mama anayemlilia mwanawe, wimbo mrefu, ukumbi umejaa. Nilipofika kwenye noti ya juu, sauti ikapasuka. Nilimaliza onyesho, nikaenda nyumbani, na sikuimba tena mbele ya watu. Mume wangu alipopata kazi Doha nilifurahi sana. Hapa hakuna aliyekuwa na haja ya kuniuliza."

Sasa kampuni ya mumewe ilikuwa inaandaa chakula cha mchana cha sherehe katika hoteli moja ya Al Sadd, na mkurugenzi, aliyesikia kwamba mke wa mhandisi ni "nyota", alikuwa ameomba wimbo. Mumewe alikubali bila kumuuliza. Mpiga kinanda aliyetazamiwa alikuwa amekwama kwao akisubiri viza.

"Kaka anapiga kinanda," Nekesa akasema.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, nikiwa nimechelewa. Bi. Aino tayari alikuwa ameleta karatasi za muziki. Ulikuwa wimbo uleule uliompasua sauti.

Al Sadd, siku ya sherehe. Nilivaa koti la dereva mwenyeji wangu, mikono yake ikiishia juu ya vifundo vyangu vya mkono. Bi. Aino alisimama kando ya kinanda, amepauka. Nikaanza. Naye akaimba, na mimi nikakaribia kusahau vidole vyangu, kwani sauti ile ilitoka kifuani kama maji ya kisima kirefu. Lakini ukumbi ulikuwa unakula. Vijiko viligonga sahani, simu ziliita, mtu alikuwa anasimulia jambo la kuchekesha. Katikati ya ubeti wa pili meneja wa sherehe alisogea, akamnong'oneza: je, madamu anaweza kufupisha? Keki iko tayari.

Bi. Aino alinyamaza. Aliinama kwa heshima, watu wakapiga makofi wakidhani wimbo umekwisha, naye akatoka kwa mlango wa wahudumu. Nilimfuata.

Tulijikuta kwenye kijia cha nyuma, kati ya masanduku ya soda. Mlinzi mmoja Mganda, Okello, alikuwa amesimama mlangoni. Bi. Aino aliweka mkono ukutani, akavuta pumzi, akaanza wimbo upya, bila kinanda. Wahudumu walisimama na trei zao kusikiliza. Dakika haikupita wakaitwa kupeleka keki. Tulibaki mimi na Okello. Bi. Aino alifika kwenye noti ya juu, na sauti ikapasuka, wazi kabisa. Yeye akaendelea mpaka mwisho.

"Asante kwa kubaki," alimwambia Okello.

"Madamu, mimi siruhusiwi kuondoka hapa."

Bi. Aino alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la soda, akifuta machozi. "Miaka yote hii nimeiogopa noti ile," aliniambia. "Imekuja, na kilichotokea ni kwamba huyu bwana amebadilisha mguu wa kusimamia."

Nilirudi Bungoma wiki iliyofuata. Walimu wenzangu waliniuliza siri ya sauti nzuri. Niliwaambia sikuipata. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukimbia aibu yake mpaka jangwani, na aibu yenyewe, siku ikimfikia, ikawa haina hata muda wa kukaa. Basi nikawaruhusu wanafunzi wangu wakosee kwa sauti.

Miezi kadhaa baadaye Nekesa alinipigia. Bi. Aino ameacha kufundisha kwaya. Ameomba kuimba ndani yake, safu ya pili, pamoja na wanawake wa sauti nzito. Jumapili yake ya kwanza kiongozi wa kwaya alisimamisha wimbo.

"Sista Aino," alimwambia, "tafadhali punguza. Hatuwasikii wenzako."

"Naye akafanyaje?" niliuliza.

"Akapunguza," alisema Nekesa. "Kidogo."