Nilianza Kusoma kwa Hasira

Binti yangu alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya simu. Alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana huko Kajiado, na simu yenyewe ilipatikana ndani ya soksi. Mimi huuza dawa za mifugo katika duka moja Kitengela, kwa hivyo siku niliyoitwa shuleni nililazimika kuomba ruhusa kwa mwenye duka. Alinipa bila kunitazama.

Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa rika langu. Hakuniambia niketi. Alisukuma karatasi ya mtihani wa fasihi upande wangu wa meza, na alama iliyoandikwa pale juu kwa wino mwekundu sitaitaja.

"Mama, simu ni jambo moja," akasema. "Lakini huyu mtoto hasomi. Riwaya hii wamekuwa nayo tangu mwaka jana na hajafika katikati. Nyumbani anamwona nani akisoma?"

Nikamwambia kwamba nyumbani watu hufanya kazi.

"Hilo silo nililouliza."

Nikamchukua, tukarudi Kitengela tumenuniana. Tunaishi wawili tu, mimi na yeye, katika nyumba ya vyumba viwili, na watu wawili wakinuniana ndani ya nyumba kama hiyo hakuna pa kujificha. Nilitoa riwaya kwenye begi lake nikaitupa mezani.

"Utakaa hapa uisome mpaka uimalize."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Tangu nizaliwe sijawahi kukuona umeshika kitabu. Wewe ni simu tu. Yangu wamechukua, yako uko nayo."

Niliinua mkono. Sikumpiga, lakini aliuona mkono ukipanda, akatabasamu. Tabasamu hilo nililichukia wiki nzima.

Kesho yake jioni nilisimama kwa mwuzaji anayetandaza vitabu vya shule vilivyotumika juu ya turubai karibu na steji ya matatu, nikanunua nakala nyingine ya riwaya ileile. Jalada lilikuwa limechanika na mtu alikuwa amechora masharubu kwenye picha ya mbele. Nikamwonyesha binti yangu. "Saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja, kila siku, hapa mezani. Wewe na mimi. Simu yangu inaingia kwenye droo."

"Tutaona," akasema.

Sikuwa nimesoma kitabu tangu kidato cha nne. Nilidhani kusoma ni kama kuendesha baiskeli, ukijua umejua. Jioni ya kwanza nilisoma mstari mmoja mara nne. Macho yalikuwa yanatembea lakini kichwa kilikuwa kwenye gunia la chakula cha ng'ombe lililoletwa limepasuka, kwa mwenye bowza aliyeahidi kuleta maji akazima simu, kwa gesi ambayo ingeisha wakati wowote. Nikifika chini ya ukurasa sikumbuki wa juu. Na mkono wangu, naapa, ulikuwa unaenda wenyewe kwenye droo. Mara mbili niliupata umeshika kishikio.

Siku ya tatu nikaanza kudanganya. Nilisikiliza karatasi yake. Akifungua ukurasa, nangoja kidogo, nafungua wangu. Nilikunja hata uso kidogo, kama mtu aliyefika mahali pagumu. Siku ya tano alifunga kitabu chake, akaweka mikono juu yake.

"Mama, yule mama ameficha barua wapi?"

Riwaya ilikuwa inahusu mwanamke aliyemficha mwanawe barua ya baba yake kwa miaka mingi. Hilo nalijua leo. Siku ile sikujua kulikuwa na barua.

"Barua gani?"

"Si uko ukurasa wa sabini na mbili? Barua imefichwa ukurasa wa arobaini."

"Kwenye sanduku," nikasema.

"Kwenye gunia la mahindi, Mama."

Hakucheka. Aliinuka akaenda kuweka maji ya ugali, na baadaye kidogo nikamsikia akiimba. Nilibaki pale masikio yakiwaka. Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kusukumwa kwenye foleni ya hospitali, lakini sikumbuki nikiwa na hasira kama ile. Nikarudi ukurasa wa kwanza.

Sikutaka tena kusoma mbele yake, kwa hivyo nikaanza kubeba kitabu kazini. Nilikiweka chini ya kaunta, karibu na kasha la sindano, nikawa nasoma kati ya mteja na mteja. Nilisoma nikimtafuta makosa. Nilitaka nijue kitabu kile kuliko yeye, halafu siku moja nimwulize swali ashindwe. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nifike katikati.

Wiki mbili ziliisha, nikamrudisha Kajiado. Alipokea begi lake langoni na hakugeuka. Ningeweza kuacha kusoma siku hiyohiyo, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniona. Ila nilikuwa nimefika mahali ambapo yule kijana wa hadithi ameingia ghalani kutafuta mahindi, na gunia ni lilelile. Nikaendelea, palepale kaunta.

Alhamisi moja akaja mzee mfugaji kutoka upande wa Isinya, mteja wetu wa miaka. "Supa," akanisalimia kwa Kimaa. "Supa oleng," nikajibu, kidole kikiwa juu ya mstari. Alitaka dawa ya kupe ya kuogesha mbuzi. Nikanyoosha mkono nyuma, nikachukua chupa, nikaiweka mbele yake.

"Nachanganya aje?"

"Vifuniko viwili."

"Kwa ndoo?"

"Ee," nikasema. Sikuinua kichwa.

Alirudi Jumatatu na mke wake. Walikuwako wateja wengine wanne au watano dukani. Aliweka chupa juu ya kaunta kwa nguvu hadi kifuniko kikaruka.

"Mbuzi wawili wamekufa. Wengine wanatoka mate, wanatetemeka. Nilikuuliza, kwa ndoo? Ukasema ee!"

Kipimo kile ni cha mtungi wa lita ishirini. Yeye alikuwa ametumia ndoo ndogo ya nyumbani. Nilielewa yote kwa mara moja, na badala ya kusema hivyo, nilichukua chupa nikamwonyesha maandishi ubavuni.

"Lakini mzee, imeandikwa hapa."

Aliniangalia. "Mimi sijui kusoma," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Mke wake alinyoosha kidole chini ya kaunta, pale kitabu kilipokuwa. "Alikuwa anaangalia hicho. Bwana yangu aliniambia hata uso hukumwangalia."

Mwenye duka akatoka stoo, akawaomba radhi kwa Kimaa alichonacho kidogo, akawapa dawa nyingine ya kuwasaidia mbuzi waliobaki. Walipotoka alinigeukia. "Nikiona hicho kitabu kwa kaunta tena, kitaenda na wewe." Mtu huyu hutazama mpira kwenye simu akiwa amesimama hapohapo, sauti juu, mteja akiongea na ubavu wake. Nilimchukia kwa hilo. Nilimchukia zaidi kwa sababu mara hii alikuwa na haki.

Wiki hiyo nilinunua mbuzi jike wawili, na Jumapili nikawapeleka kwa yule mzee na pikapu ya jirani. Aliwafungua midomo akaangalia meno, akawashika miguu, akafungua zizi akawaingiza. Kwenye boma za huku mgeni hupewa chai hata akija kugombana. Mimi sikupewa. Mke wake alisimama mlangoni na sufuria mkononi hadi nilipomaliza kuongea.

"Pole sana, mzee," nikasema.

"Pole yako nimesikia. Enda."

Siku hizi hununua dawa duka la ng'ambo ya barabara. Hupita mbele ya mlango wangu akiangalia mbele. Kosa la kipimo najua nilivyolifanya, na mtu anaweza kukosea. Kinachonirudia ni yale maneno, imeandikwa hapa. Yalinitoka upesi sana, yakiwa tayari.

Kitabu nilikirusha juu ya kabati nikakaa kama siku tisa bila kukigusa. Nilimlaumu binti yangu, nikamlaumu yule naibu na kiti chake ambacho hakunipa. Siku ya kumi nilipanda kwenye stuli nikakishusha. Nilitaka tu kujua kijana alifanya nini na barua.

Tangu hapo nikawa nafika kazini nusu saa kabla ya kufungua. Mlango wa chuma ukiwa bado na kufuli, naketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye bati, nasoma. Simu iko chini kabisa ya mkoba, chini ya leso na kopo la chakula. Ule upepo wa Kitengela unaleta vumbi la simiti hadi kati ya kurasa, na malori ya kwenda Namanga yanatikisa mlango nyuma yangu. Nikisikia kufuli ya jirani ikifunguliwa, nakunja ukurasa. Siku nyingine ni kurasa kumi na mbili, siku nyingine ni tatu na mbili kati yake sikuzielewa.

Wanaopenda kutoa ushauri husema tafuta pahali tulivu, tafuta kikombe cha chai, ufurahie. Mimi sikufurahia chochote mwezi wa kwanza. Nilikaa pale kwa ukaidi. Mama anayeuza chai na mandazi alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Mwalimu, leo mtihani uko?" na wale wa bodaboda wanacheka. Mwanamke mmoja tunayeimba naye kanisani aliona nafasi kwenye kizingiti, akaketi, akaanza habari za harusi ya mtu.

"Niko nasoma," nikamwambia.

"Ni nini cha maana hivyo?"

"Niache nisome."

Akaenda kusema kwenye kikundi cha kwaya kwamba siku hizi najiona. Aseme. Nusu saa ile ndiyo pekee kwa siku ambayo hakuna mtu ananiuliza bei ya kitu, na nimeona jinsi watu wanavyochukia ukiwa nayo.

Na mlango ukishafunguka, kitabu kinaingia mkobani. Kila mteja sasa namsomea kibandiko, neno kwa neno, namwuliza chombo chake ni cha lita ngapi, halafu namwambia arudie. Wengine wanakasirika. "Nimekuja kununua dawa, sikuja darasani," mmoja alinifokea juzi. Nikashika chupa yake hadi akarudia.

Riwaya niliimaliza asubuhi moja ya baridi, nikakaa nayo gotini hadi mwenye duka akaniruka miguu kufungua mlango. Kesho yake nilikwenda kwenye turubai nikachukua nyingine.

Siku ya wazazi nilienda Kajiado na pilau kwenye hotipoti. Tulitandaza shuka kwenye nyasi tukaketi, familia zingine zikiwa zimetandaza yao kila upande. Alikuwa amekonda na amekatwa nywele vibaya. Alikula kwanza, akanijibu ndiyo na hapana, kisha akaniangalia kwa jicho lile lile la mezani.

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Haya. Yule mama alifanya vizuri kuficha barua?"

"Alifanya vizuri," nikasema. "Baba mwenyewe alikuwa mlevi, angemharibu mtoto."

Akaweka kijiko chini. "Vizuri? Mama, huyo kijana alikaa miaka kumi na nane akifikiri hatakiwi na mtu! Alimwibia."

"Alimlinda."

"Alijilinda yeye. Sura ya tisa inasema wazi aliogopa kuachwa. Hukusoma sura ya tisa."

"Nimesoma kila sura, na usiniletee ubishi."

"Unamtetea kwa sababu uko kama yeye."

Familia ya shuka la pili waliacha kula wakawa wanatusikiliza. Niliwaangalia hadi wakageuka. Nikamwambia binti yangu kwamba hajawahi kulea mtu, hajui hofu inafanana na nini. Akaniambia hofu haimpi mtu ruhusa ya kudanganya. Tuliendelea hivyo, sauti zikipanda, pilau ikipoa, na hakuna aliyemwachia mwenzake hata neno moja. Kengele ikalia ya wazazi kuondoka.

Alikunja shuka kwa kulipiga-piga, akanipa hotipoti. "Mwalimu wa zamu huturuhusu simu Jumamosi," akasema. "Nitakupigia. Na kabla nipige, soma sura ya tisa tena, polepole."

"Nitasoma nikitaka."

"Sawa," akasema, akaenda na hasira zake kuelekea mabwenini.

Jumatatu asubuhi niliketi kwenye kizingiti, nikatoa riwaya yenye masharubu, nikatafuta sura ya tisa.