Mahabusu ya Kufunzia Adabu

Mwaka 1991 wazazi wa mtaa wetu, karibu na Gitega, waligundua njia ya kulea isiyowachosha: ukishindwa na mtoto, unampeleka kwa askari wa komini, yaani tarafa yetu, akae mahabusu siku chache, kisha unamchukua akiwa ameiva. Waliisifia mahabusu ile kama watu wanavyomsifia fundi viatu hodari.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tano. Tangu vita vianze huko kaskazini, ng'ambo ya mpaka, baba alilala na redio sikioni, sauti juu, na mdogo wangu akaacha kulala. Siku moja aliitumbukiza redio chooni. Baba hakuuliza kwa nini. Aliomboleza betri, maana zilikuwa mpya, kisha akavaa koti lake la misa na kumkabidhi mwanawe kwa askari.

Chakula cha mahabusu hutoka nyumbani, kwa hiyo kila mchana nilipeleka maharage na viazi. Askari aliniamuru nionje kwanza, nisije nikamtilia sumu ndugu yangu. Alimlinda kweli kweli mtoto ambaye usiku alimlaza na walevi wazima. Mdogo wangu hakugusa kitu. Alitazama ukuta. Nilimtania kwamba redio imeopolewa na sasa inasoma habari vizuri kuliko zamani. Hakucheka.

"Anajifanya," alisema askari.

"Kiburi," alisema baba nilipomweleza. "Njaa itamzungumzisha."

Wiki ilipokaribia kwisha, askari mwenyewe alimwita baba. "Mzee, chukua mtoto wako. Akinifia hapa, atakayeulizwa ni mimi."

Tulipomrudisha nyumbani, nilidhani watu watashtuka. Nilikuwa najiandaa kwenda chuo kikuu, na ujinga wa aina hiyo huhitaji maandalizi. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hasemi mbele ya wakubwa wala hali mbele ya wageni. Basi majirani walikuja, wakamkuta kwenye kona, kimya, sahani haijaguswa, wakampongeza baba.

"Mzee, huyu sasa ni mtoto."

Baba alipokea pongezi kama bwana harusi. Mimi niliona shingo iliyokonda hadi kola ya shati ikaonekana ya kuazima. Mama alimwekea uji kando ya mkeka kila asubuhi, na kila mchana akauondoa umeganda. Miaka baadaye, chuoni, nilifundishwa jina la Kifaransa la hali ile, refu na lenye heshima zake. Nililiandika kwenye mtihani bila kosa. Laiti mdogo wangu angeponywa kwa tahajia.

Jioni moja jirani mwenye duka alikuja kunywa bia na baba. Mwanawe, rika la mdogo wangu, alikuwa ametoroka shule.

"Nielekeze kwa huyo askari wako," alisema. "Wangu nimpeleke kesho."

"Mwambie umetumwa na mimi," alisema baba, kana kwamba anampa punguzo la bei.

"Usimpeleke."

Sauti ilitoka kwenye kona, imekauka hata hatukuitambua. Mdogo wangu alikuwa amesimama, ameshika ukuta. "Usimpeleke, mzee. Kule usiku wanakukalia kifuani mpaka unashindwa kupumua. Na askari anasikia."

Baba aliweka glasi chini. "Nani kakuruhusu kusema mbele ya wageni?"

"Hakuna," alijibu. "Lakini asimpeleke."

Jirani alimtazama kwa makini, kisha akamtazama baba kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa saa mbovu.

"Kumbe hata kule hawamalizi kazi," alisema. "Bora nimchape mwenyewe."

Mwanawe aliponea hapo. Mama alikuwa ameshaingia jikoni kupasha maharage. Mdogo wangu alimfuata, akala amesimama, kwa mkono, kutoka kwenye sufuria, huku baba sebuleni akimwomba jirani radhi kwa kuwa na mtoto asiye na adabu.