Nduru ya Mwalimu Syokau

Harufu ya majani ya mkalitusi yanayochemka bado hunikaza tumbo. Mwalimu Syokau, aliyetufundisha kuimba, alituinamisha juu ya sufuria ya majani hayo, shuka kichwani, mpaka kamasi na machozi vichanganyike, kisha akatulaza chali sakafuni na kututwika jiwe la kusagia tumboni. "Pandisha jiwe, Mutheu," angeniambia. "Shusha. Unapumua kama mbuzi aliyenyeshewa!" Aliyelia aliongezewa muda. Aliyecheka aliambiwa mbele ya wenzake kwamba sauti yake inafaa kufukuza ndege shambani. Nilikuwa darasa la sita na nilimchukia, wallahi nilimchukia, lakini kila Jumamosi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwake. Hakuna mtu mwingine Kilungu nzima aliyewahi kuniambia kwamba tumboni mwangu kuna kitu zaidi ya njaa.

Alikuwa ameimba opera Italia miaka mingi, katika majumba ambamo mtu husimama bila maikrofoni na kumfikia hata aliyeketi nyuma kabisa. Aliporudi, alijenga kwenye shamba la marehemu babake, mteremko unaotazamana na wetu, bonde likiwa katikati. Asubuhi ya kwanza akatoka barazani akaimba. Sasa, kwetu milimani nduru ikipigwa huulizi maswali. Unamwacha ng'ombe hajamaliza kukamuliwa, unashika panga, unakimbia. Anayebaki nyumbani ataulizwa alikuwa upande wa nani. Basi wanaume wakateremka bonde na kupanda ng'ambo, mbele yao mjomba wangu aliyenilea, mzee wa kijiji, akihema, kiatu mguu mmoja. Walimkuta Mwalimu na gauni lake refu, mikono juu ya tumbo, anamalizia ubeti. Aliitazama miguu ya mjomba akacheka, na kicheko chake nacho kilivuka bonde. Kisha akawaambia wakaoge.

Mjomba hakumsamehe. Kwenye baraza alitangaza kwamba sauti ya ng'ambo ile si ya kuinukia mtu, na atakayeinuka asimletee habari. Watu walifurahi. Kuanzia hapo kila alfajiri Mwalimu alipoanza mazoezi, mtu angesema, "Haya, fisi ameamka," na nyumba nzima ingecheka, na ya jirani ingejibu kwa kicheko chao. Hata shangazi, mke wa mjomba, mwanamke mpole, alijifunza kumwiga kwa kufumba macho na kutikisa kidevu.

Ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka mpaka kingo za matuta zinamong'onyoka ukizikanyaga. Tulikuwa tunakunywa chai na viazi vitamu sauti ilipoanza. Mtu wa kwanza akasema fisi, wengine wakacheka. Mimi nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimelala chini ya jiwe lile kiangazi chote, nilijua Mwalimu anavuta pumzi wapi na anaitoa wapi, na sauti ile haikuwa na pumzi. Ilitoka kooni tu, ikakatika, ikaanza tena.

"Mjomba, haimbi yule. Anaita watu."

"Leo anaimba ya matanga," alisema, akachovya kiazi kwenye chai.

Nilipoinuka alinishika sikio akanikalisha. Aliniambia nikitoka pale atanivunja miguu, na mjomba hakuwa mtu wa kutisha bure. Nikakaa. Sauti ikaendelea. Ilipanda, ikapasuka, ikawa kama kuku aliyekabwa, na shangazi akaacha kucheka, akamtazama mumewe, kisha akaanza kuosha vikombe. Jua lilipokuwa limepanda sana tulisikia mbwa tu. Mjomba alipoondoka kwenda soko la Nunguni, nilikimbia.

Nilimkuta chini ya tuta alikokuwa akinywesha miparachichi, ukingo umemong'onyoka, nyonga imevunjika, siafu mguuni. Alikuwa amefungua mdomo wote, kinachotoka ni upepo. Aliponiona alinong'ona, "Hawakunisikia?"

"Walisikia, Mwalimu," nilimwambia. Sijui kama ningemdanganya ingekuwa afadhali. Alifumba macho, akageuza uso kwenye udongo.

Nyonga iliungwa vibaya, sauti haikuungwa kabisa. Hakuimba tena maishani. Alifundisha kwa kunong'ona, akigonga fremu ya kitanda kwa fimbo, na ukali wake ukawa maradufu. Tulitoka kwake tukitetemeka na tukiimba vizuri ajabu. Baadhi yetu tunakula kwa sauti hizo. Mimi nafundisha muziki huku mjini Kabati, na jiwe la kusagia ninalo darasani. Wazazi hulalamika.

Tumemzika mwaka huu. Kilungu ya leo kila kanisa lina spika, zinashindana tangu alfajiri, na hakuna anayegeuza shingo. Mazishini mjomba, mkongwe sasa, alipewa maikrofoni. Alisema marehemu alikuwa fahari ya milima hii, kwamba Mungu alitupa sauti iliyovuka bonde, na sisi majirani ndio tuliobarikiwa kuisikia kila asubuhi. Watu wakasema amina. Shangazi aliangalia mapaja yake. Mimi nilihisi hasira ikipanda kutoka pale pale Mwalimu alipokuwa akiweka jiwe.

Kisha MC akaniita, mwanafunzi wa marehemu, niwaimbie wimbo mmoja. Nikaikataa maikrofoni. Nikaweka mikono tumboni, nikafumba macho, na badala ya kuimba nikapiga nduru, ile ile ya kiangazi kile, ya kooni, isiyo na pumzi.

Viti vya plastiki vilianguka. Wanaume walikuwa wameshaanza kunikimbilia kabla sijaimaliza, na aliyewatangulia, mkongojo mkononi, kiatu kimoja kimebaki chini ya meza ya wageni, alikuwa mjomba. Hakuna hata mmoja aliyedhani ninaimba.