Mlio wa Mapanki

Kachaa! Hivyo ndivyo mapanki yalivyolia yakimwagwa kwenye beseni la bati. Hadi leo mtu akitupa kuni chini, mimi nageuka kutafuta paka.

Mapanki ni mifupa ya sangara: kichwa, uti wa mgongo na mkia, basi. Minofu yenyewe ilipanda ndege kwenda Ulaya. Baba mdogo alikuwa msimamizi kwenye kiwanda kimoja cha minofu pale Mwanza, mtu wa saa ya dhahabu ya bandia na shati linalonukia manukato kifuani na samaki mgongoni. Kila Jumamosi alimtuma mtu wa baiskeli ampelekee mama yake mzazi, kule Buswelu, mfuko wa mapanki. "Mwambie ni sangara." Mwanamume mzima! Mbwa mwenyewe angeyanusa akapita.

Mimi nilifika kwa huyo bibi baada ya kiwanda cha nguo kufungwa na sisi wafanyakazi kutolewa kwenye kota, eti anakuja mwekezaji. Nilikuja na godoro, sufuria mbili, na kioo kikubwa cha saluni ambayo nilikuwa bado sijaifungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeachika?"

"Hapana, bibi. Nimetolewa kwenye nyumba."

Akasonya. "Heri ungeachika, angalau tungekuwa tumekula ng'ombe kwanza. Na hicho kioo cha nini? Cha kutazamia njaa?"

Nilicheka, maana nilipenda kucheka, na sikuwa na pengine pa kwenda.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa hiyo Jumamosi nilikaa nyuma ya nyumba nikichambua vile vichwa, shavu kwa shavu, hadi nikapata kibakuli cha nyama. Nikapika na nyanya, nikampelekea na ugali. "Mwanao kaleta sangara, bibi." Naye akampazia sauti jirani: "Mwanangu hanisahau! Sangara kila wiki! Huyu mjukuu sasa, kazi yake kula na kujitazama."

Nikameza. Hata mifupa nilikuwa nimeizoea.

Siku moja baba mdogo akaja mwenyewe. Viwanja vya Buswelu vilikuwa vimeanza kutafutwa, naye alishapata mnunuzi. Hakukaa hata kwenye kigoda, aliogopa suruali.

"Mama, hapa tuuze, uje kwangu. Siku hizi ni soko huria. Na huyu binti leo hii aondoke, anakumalizia minofu ninayokuletea."

Minofu! Shimo la taka lilikuwa pale nyuma, limejaa mifupa yake. Ningeweza kumwaga ushahidi mbele ya viatu vyake. Lakini nilimtazama bibi, nikakumbuka anavyomsifu, nikaliacha shimo lilivyo.

Bibi akasonya, msonyo mrefu kama kitenge kinachochanwa. Nikajua ni wangu. Nikaanza kulifikiria godoro langu.

"Minofu gani?" akasema. "Macho yangu yamekufa, masikio hayajafa. Tangu lini mnofu ukaanguka kachaa?"

Baba mdogo akakohoa.

"Mapanki hayajichambui. Huyu habanduki hapa. Na kiwanja hakiuzwi mpaka uniletee samaki mwenye ubavu."

Aliondoka bila kuaga, akiitazama saa yake kama vile inasema kweli. Bibi akanigeukia mimi.

"Na wewe unamsitiri mwanamume mwongo. Utaolewa na nani? Halafu mchuzi wako siku zote hauna chumvi."

Samaki mwenye ubavu hakuja. Jumamosi iliyofuata ilikuja baiskeli ileile, na mfuko uleule. Jirani alikuwa ukumbini, na bibi, kwa sauti ileile ya zamani, alikuwa anamsimulia habari za sangara wa mwanawe.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikaivua kanga niliyojifunga, nikaitandika ndani ya beseni, nikaanza kuyalaza mapanki juu yake, moja moja, polepole, yasilie.