Koti la Bundi

Kila koti lililopita mikononi mwa Karwirwa lilikaguliwa kwa namna moja. Alilipindua, akavuta mshono wa bega kwa nguvu, akanusa kwapa, kisha akaitoa mifuko nje. Kwa miaka ishirini na miwili aliuza makoti ya mitumba katika soko la Meru, na wakulima wa viazi kutoka baridi ya Kibirichia walimjua kwa ukaguzi huo. Alikuwa pia na jibu lake. Mteja akishika koti na kuuliza kama mwenyewe alikufa, Karwirwa alisema, "Hakufa, alinenepa tu." Watu wakacheka, wakanunua.

Siku ya tisa baada ya kumzika mumewe Bundi, shemeji yake Kaberia alifika nyumbani na kiberiti mfukoni. Alizirundika nguo za marehemu uani: suruali mbili, shati, na koti zito la sufu, la kijivu, ambalo Karwirwa alimchagulia Bundi kutoka kwenye mzigo wake wa kwanza wa mitumba.

Karwirwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikombe mkononi. Chai ilishapoa. Tangu mazishi hakuwa amelia. Watu walimwambia atalia tu, naye akangoja, kama anayengoja mgeni asiye na hamu naye.

"Mama Makandi, usikasirike," Kaberia alisema. "Nguo za marehemu hazivaliwi. Zinaleta maneno."

"Na hizo ninazouza? Wenyewe wako wapi?"

"Ah, hao ni Wazungu. Nani aliwajua?"

"Kwa hivyo kosa la Bundi ni kwamba tulimjua."

Kaberia alikuna shingo. "Kama unataka kumwachia kijana wako koti hilo, nitamnunulia jaketi mpya dukani."

"Ile mpya uliyojinunulia Krismasi iko wapi?"

"Ile? Zipu ilikufa hata kabla ya Pasaka. Napangusia pikipiki."

Karwirwa hakucheka. Alilitazama rundo na kufikiri, polepole: kondoo alinyolewa mahali fulani, mtu akasokota, mwingine akafuma, mwingine akashona akiwa ameinamisha mgongo. Koti likavuka bahari, likamkinga Bundi shambani miaka ishirini na miwili, na bado mishono ilishika. Kazi yote hiyo iishie kwenye njiti moja ya kiberiti, kisha twende dukani kununua kitakachochanika kwa mvua tatu?

Aliinuka, akalichomoa koti.

"Hizo nyingine zimechakaa, choma. Hili halijachakaa."

Asubuhi iliyofuata alilikagua kibandani kwake sokoni kama makoti mengine. Akavuta bega, likashika. Akanusa: moshi wa kuni, na Bundi. Akangoja ahisi kitu. Hakuhisi. Mfukoni mlikuwa na pini na udongo mkavu wa shamba, akaupuliza. Alikaza kifungo cha tatu, akalitundika mbele.

Riungu, mkulima wa viazi, alilishika kabla hata ya kusalimia.

"Hii sasa ni koti! Lakini niambie ukweli, mama. Mwenyewe alikufa?"

Wauzaji wa jirani waligeuka, tayari kucheka. Jibu la siku zote lilimjia ulimini, likakaa hapo.

"Alikufa," Karwirwa alisema. "Ni mume wangu. Tumemzika juzijuzi tu."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Riungu ulibaki kwenye ukosi. Akiuondoa, Kaberia atakuwa amesema kweli, na yeye Karwirwa atakuwa amewadanganya watu miaka yote hiyo kwa mzaha mmoja. Alijua hivyo, lakini moyo wake haukwenda mbio. Aliutazama mkono huo tu.

"Pole, mama," Riungu alisema mwishowe. "Alikuwa mtu wa aina gani?"

Karwirwa alifikiri.

"Alikuwa akisikia baridi sana."

Riungu alivaa koti, akafunga vifungo vyote hadi juu. Mikono ilizidi kidogo, akaikunja.

"Nitalitunza," alisema.

"Usilitunze. Livae."

Riungu alipolipa na kuondoka, Karwirwa hakumfuata kwa macho. Alichukua koti lililofuata, akalipindua, akavuta bega. Mshono ukaachia.

Akatafuta sindano.