Mkono wa Mchawi

Mume wangu studio nzima ilimwita Mchawi, naye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na babake. Tulikuwa tunatengeneza kipindi cha vichekesho cha televisheni, kilichotokana na filamu moja ya vijana: msichana wa sekondari anayesogeza vitu kwa kuvikodolea macho. Msichana akikodoa, kikombe kinapaa. Watu wanasema, lo, miujiza! Miujiza gani? Ni mume wangu huyo, amelala kifudifudi kwenye mbao za juu, anavuta nyuzi za nailoni huku anahema. Mimi nilikuwa chini, nashona sare za waigizaji.

Kwenye filamu vitu vilipaa vizuri, vimetulia. Kwetu, mwaka wa pili, vikaanza kutetemeka. Muongozaji alicheka mpaka akashika mbavu. "Mchawi, hapohapo! Usibadilishe kitu. Msichana bado anajifunza, ndiyo maana vinatetemeka." Watazamaji wakakipenda kile kikombe, watoto wakakiiga mitaani. Mume wangu akawa anatembea kifua mbele.

Mimi sikucheka. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, mkono wake naujua. Nyumbani alikuwa anamwaga chai, halafu anasingizia birika.

"Baba watoto, huo mkono una nini?"

"Uchovu tu. Na wewe usianze."

"Twende hospitali."

"Nikienda wataniteremsha kule juu. Nikishuka, mimi ni nani tena?"

Nikanyamaza. Miezi saba nilinyamaza, Mungu anisamehe.

Kisha ikaja sehemu ya pasi. Pasi ya chuma, ya kweli, kwa sababu muongozaji alitaka mlio wake ikitua mezani. Ilitakiwa ipite juu ya kichwa cha binti aliyeigiza yule msichana. Kwenye mazoezi ikayumba, ikashuka ghafla, ikamkosa kidogo tu. Wote wakaangua kicheko, na binti mwenyewe pia. Nikatazama juu. Mume wangu alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, uso umemsawijika kwa hofu.

Nilimngoja chini ya ngazi. "Waambie wewe, au nitawaambia mimi."

"Ukisema, umenizika."

Nikaenda kwa muongozaji. Nikasema yote. Unajua alinijibu nini? "Sasa tutafanyaje, na watu wanaupenda ule mtetemo?" Nusura nimzabe kibao.

"Huo si uchekeshaji," nikamwambia. "Huo ni ugonjwa wa mume wangu."

Siku hiyohiyo walimweka mtu mwingine. Mchawi akashuka ngazi, akanipita kama hanijui. Nyumbani hakunisemesha siku tisa. Namwekea chakula, anakula. Namwamkia, kimya. Nikawa nalia bafuni, bomba nimelifungulia asinisikie, na bado nilijua ningesema tena. Binti wa watu angekufa.

Siku ya kumi, asubuhi, natandika kitanda, akaja kusimama mbele yangu, shati wazi mpaka kitovuni.

"Nimehangaika na hivi vifungo tangu alfajiri," akasema. "Nifungie, mama watoto. Halafu unipeleke hospitali."

Nikavifunga polepole sana, kimoja kimoja, nimeinamisha kichwa, asiione sura yangu.